Kupangishwa Kichwa Chako Mwenyewe: Wafugaji wa Kaskazini mwa Kenya na Kodi ya Mkoloni

UTANGULIZI

Mwaka 1936 serikali ya kikoloni nchini Kenya ilipitisha sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa watu iliowaita "wasio wenyeji". Sheria hiyo iliwapanga walipa kodi katika ngazi tatu. Mzungu alitakiwa kulipa shilingi 40 kwa mwaka, Mwasia shilingi 30, na waliobaki, wakiwamo Wasomali waliokaa mijini, shilingi 20. Mtu angetarajia kwamba aliyepewa kima cha chini angeshukuru na kunyamaza. Haikuwa hivyo. Wasomali wa ukoo wa Isaaq, waliokuwa wakiishi Isiolo, Nairobi na miji mingine, waligoma kulipa shilingi 20. Walichokidai ni kuruhusiwa kulipa 30.

Kisa hiki kinamtatiza yeyote aliyezoea kuelezwa kwamba upinzani dhidi ya kodi ni suala la mfuko tu, yaani kodi ikizidi uwezo, watu huasi. Ni kweli kwamba mzigo wa kodi uliwaumiza watu wengi katika Afrika ya Mashariki, na wengine walilazimika kuuza mifugo, nguvu zao na hata uhuru wao ili kuulipa. Hata hivyo, maelezo ya mfuko peke yake hayatoshi kumfafanua mtu anayepigania kulipa zaidi.

Makala hii inadhamiria kuchunguza upinzani dhidi ya kodi ya mkoloni katika eneo la kaskazini mashariki mwa Kenya, kwa kuanzia Balambala katika Garissa, na kuulinganisha na ule wa wakulima wa Bara Hindi, ambao unafahamika zaidi duniani. Hoja inayotetewa ni kwamba aliyekataa kodi hiyo hakukataa kutoa. Alikataa jina na nafasi ambayo kodi ile ilimpa. Kwa kuwa majina na nafasi hukaa katika lugha, makala inaanza na maneno yenyewe.

MANENO YA KODI

Mswahili ana maneno kadhaa ya kutaja kile ambacho mtu humpa mwenye mamlaka, na kila neno lina historia yake. Neno "ushuru" limetoka katika Kiarabu, katika mzizi unaohusu kumi. Maana yake ya asili ni sehemu ya kumi ya mali. Wasomali nao wamelichukua neno hilohilo, na katika lugha yao hutamkwa "canshuur" au "cashuur". Kwa hiyo mfugaji wa Balambala na mfanyabiashara wa Lamu, ingawa lugha zao ni za jamii mbili tofauti kabisa, wanapotaja malipo ya sokoni wanatumia neno moja.

Neno "hongo" lina safari ya kustaajabisha zaidi. Katika karne ya 19 hongo ilikuwa malipo halali ambayo misafara ya biashara iliwapa watawala wa njiani ili iruhusiwe kupita. Leo hongo ni rushwa. Malipo ni yaleyale, bali uhalali wa mpokeaji umeondoka. "Serikali" nayo ni neno lenye asili ya Kiajemi, na wakulima wa Bara Hindi walilitumia umbo lake la "sarkar" kumtaja mtawala huyohuyo wa Kiingereza aliyewatoza.

Hata hivyo, neno linalostahili kuangaliwa kwa makini kuliko yote ni "kodi" lenyewe. Katika Kiswahili, kodi ni malipo ya raia kwa serikali, na kodi pia ni malipo ya mpangaji kwa mwenye nyumba. Kutokana na neno hilo tunapata vitenzi "kukodi" na "kukodisha". Mkoloni alipoleta kodi yake ya kwanza, iliitwa "kodi ya nyumba" au "kodi ya kibanda". Msikilizaji wa Kiswahili hakuweza kulisikia jina hilo bila kusikia maana zote mbili kwa pamoja. Mtu aliyekata miti yake, akajenga kwa mikono yake, katika ardhi aliyozaliwa, sasa anaambiwa alipe kodi ya nyumba. Kwani amekuwa mpangaji wa nani? Na nyumba ilipofuatwa na "kodi ya kichwa", swali likazidi ukali: binadamu anawezaje kupangishwa kichwa alichozaliwa nacho?

Mbali na maneno hayo kuna "zaka". Waislamu wa upwa na wafugaji wa kaskazini mashariki waliijua zaka karne nyingi kabla ya afisa wa kwanza wa Kiingereza kufika. Zaka ya mifugo ina kipimo chake. Mwenye ngamia 5 hutoa mbuzi au kondoo 1. Mwenye ng'ombe 30 hutoa ndama 1. Mwenye kondoo au mbuzi 40 hutoa 1. Aliye chini ya kiwango hicho hadaiwi kitu. Mali lazima iwe imekaa kwa mwenyewe mwaka mzima, na mifugo iwe ni ile inayojilisha malishoni. Tena wanaostahili kupokea wametajwa, na wa kwanza miongoni mwao ni mafakiri na maskini.

Kwa hiyo mfugaji huyu hakuwa mgeni wa dhana ya kutoa. Alikuwa na mizani tayari mkononi, na alipoletewa kodi nyingine aliipima kwa mizani hiyo. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini moyo hauwezi kutoa mahali ambapo haukuulizwa.

NYUMBA INAYOBEBWA NA NGAMIA

Balambala iko kandokando ya Mto Tana, kaskazini magharibi mwa mji wa Garissa, karibu na mstari wa ikweta. Nyuma ya mto ni nyika kavu inayoenea hadi Wajir. Wengi wa wafugaji wa upande huu ni Wasomali wa Ogaden, nao huugawa mwaka kwa misimu minne: gu, ambayo ni mvua ndefu; hagaa; deyr, ambayo ni mvua fupi; na jilaal, kiangazi kikali cha kuanzia takribani Januari hadi Machi. Mvua ikinyesha, mifugo hutawanyika nyikani ambako kuna majani na mabwawa. Jilaal ikiingia, mabwawa hukauka, na kila mwenye ng'ombe hugeuza uso kuelekea mtoni.

Nyumba ya mfugaji huyu huitwa aqal. Imetengenezwa kwa fito zilizopindwa na mikeka, na ujenzi wake ni kazi ya wanawake. Wakati wa kuhama, aqal hufunguliwa, hupakiwa juu ya ngamia, na jioni husimamishwa mahali pengine.

Sasa tuiangalie sheria. Kanuni za kodi ya nyumba katika himaya ya Uingereza ya Afrika ya Mashariki zilitolewa mwaka 1901. Malipo yalidaiwa kwa rupia, yaani fedha ya Kihindi iliyotumika katika eneo hili hadi ilipobadilishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kiwango kilipanda hadi rupia 3 katika miaka michache tu. Mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wazima ambao hawakuwa na nyumba ya kutozwa. Lengo halikuwa mapato peke yake. Maafisa na walowezi walisema waziwazi kwamba kodi ingemsukuma Mwafrika atoke kwake akatafute kazi ya mshahara katika mashamba yao.

Sheria hii ilitungwa kwa kumfikiria mkulima. Ilidhani kwamba nyumba ina mahali, kwamba mahali pana chifu, na kwamba chifu anaweza kuhesabu milango. Katika nyika ya Balambala dhana zote tatu ziliporomoka. Nyumba iliyohesabiwa Jumatatu ingeweza kuwa safarini Jumanne. Afisa aliyetaka kuwapata watu wengi pamoja alikuwa na wakati mmoja tu wa uhakika: jilaal, watu wanapokusanyika mtoni. Lakini huo ndio wakati ambapo ng'ombe amekonda, maziwa yamekatika, na bei ya mnyama imeanguka. Kodi ya fedha taslimu isiyojali msimu ilikuwa kinyume cha zaka kwa kila kipimo: haikuwa na kiwango cha kumsamehe maskini, haikupokea mnyama kwa hesabu ya haki, na mpokeaji wake hakujulikana.

Kutokana na hali hiyo, kwa miaka mingi serikali haikuweza kuwatoza wafugaji wa kaskazini kama ilivyowatoza wakulima wa kusini. Silaha ya kwanza ya mfugaji ilikuwa mguu wake. Alihama, na kuhama kwake, ambako kwake yeye kulikuwa ni ufugaji wa kawaida, kukaandikwa katika mafaili kuwa ni ukaidi.

FAINI YA MIFUGO: KODI ISIYO NA STAKABADHI

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba wafugaji hawa hawakutolewa mali. Pale kodi ya kawaida iliposhindwa kufika, faini ilifika. Ikumbukwe kwamba hadi mwaka 1925 Kenya ilienea hadi Mto Juba. Eneo la Jubaland pamoja na mji wa Kismayu lilikuwa chini ya Waingereza kabla ya kukabidhiwa kwa Italia. Waogaden wa pande zote mbili za mpaka wa leo walikuwa watu wa malisho mamoja.

Mwaka 1898 Waogaden wa Jubaland walipambana na Waingereza, na wanajeshi wa Kihindi wakaletwa kutoka Bombay kuwakabili. Novemba 1900 waliuawa tena watu, miongoni mwao naibu kamishna Arthur Jenner, aliyekuwa safarini bara. Mwaka uliofuata msafara wa kijeshi ulitumwa kuwaadhibu Waogaden, na adhabu yenyewe ilikuwa ni kutwaliwa ng'ombe.

Kisa kikubwa zaidi ni cha Serenli, kituo cha serikali kilichokuwa kando ya Mto Juba. Mwishoni mwa mwaka 1915 Waulihan, ambao ni tawi la Ogaden, walikuwa wamewavamia Wasamburu na kuchukua mifugo. Afisa wa Serenli, Luteni Francis Elliott, alimtaka kiongozi wao, Abdurrahman Mursaal, airudishe. Februari 1916 Waulihan waliishambulia Serenli, wakamuua Elliott na askari wake wengi, na kuondoka na bunduki ya mzinga ya aina ya Maxim. Serikali, ambayo wakati huo ilikuwa ikipigana na Wajerumani kusini, ililazimika kuiacha Serenli, na hata Wajir ikahamwa kwa muda. Kikosi cha King's African Rifles kilirudi mwaka 1917, kikawasaka Waulihan hadi mwaka 1918, na kuwanyang'anya silaha na mifugo. Mursaal mwenyewe hakukamatwa.

Ni muhimu kutolipamba tukio hili. Chanzo chake kilikuwa uvamizi wa jirani dhidi ya jirani, na Wasamburu walioporwa walikuwa na haki ya kurudishiwa mali yao. Jambo linalohusu mjadala huu ni mfumo uliojengwa baadaye. Mfugaji wa kaskazini aliifahamu serikali kupitia tendo moja hasa: kuja kuchukua wanyama. Faini haikuwa na kiwango kilichotangazwa wala tarehe iliyojulikana. Ilitozwa kwa ukoo mzima, aliyekosa na asiyekosa, na haikuacha stakabadhi ambayo mtu angeweza kuionyesha baadaye na kusema, "Mimi nimekwisha kulipa, sasa nipeni changu."

Sheria ziliufanya mfumo huo kuwa wa kudumu. Sheria ya wilaya za mbali ya mwaka 1902 iliipa serikali uwezo wa kufunga eneo, na mwaka 1926 Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyofahamika kwa kifupi kama NFD, ilitangazwa kuwa eneo lililofungwa. Kuingia na kutoka kulihitaji ruhusa. Sheria ya wizi wa mifugo ya mwaka 1933 na ile ya utawala wa wilaya maalumu ya mwaka 1934 ziliimarisha adhabu za pamoja na kuwapa maafisa uwezo wa kuzuia mwendo wa makabila mazima.

WAKULIMA WA BARA HINDI: SILAHA YA KUBAKI

Katika miaka hiyohiyo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wakulima walikuwa wakiigomea serikali hiyohiyo ya Kiingereza kwa njia tofauti. Mfano wao unasaidia kuuona ule wa kaskazini mwa Kenya kwa uwazi zaidi.

Mwaka 1918 katika wilaya ya Kheda, Gujarat, mavuno yaliharibika. Kanuni za serikali yenyewe zilisema kwamba mazao yakipungua chini ya robo ya kawaida, kodi ya ardhi isimamishwe. Wakulima walisema mazao yamefika chini ya robo. Maafisa wakasema yamezidi. Mohandas Gandhi aliwaongoza kula kiapo cha kutolipa, na mwishowe serikali ikakubali kuwadai wenye uwezo tu. Itaonekana kwamba ugomvi ulihusu kipimo. Mkulima wa Kheda alikuwa akisema kile ambacho zaka humfundisha mfugaji wa Balambala: kuna kiwango ambacho chini yake mtu hadaiwi.

Mwaka 1928 ikawa zamu ya Bardoli, katika wilaya ya Surat. Serikali ya Bombay ilipandisha kodi ya ardhi kwa asilimia 22. Wakulima, wakiongozwa na Vallabhbhai Patel, waligoma kwa miezi kadhaa. Maafisa walikamata nyati wa maziwa na kutwaa mashamba. Wanavijiji wakajifungia ndani ya nyumba pamoja na nyati wao ili wasipatikane. Hatimaye uchunguzi rasmi ulifanywa, na ukapendekeza nyongeza ya asilimia 6 hivi badala ya 22.

Tofauti ya mazingira haya mawili ni kubwa. Mkulima wa Bardoli hawezi kulibeba shamba lake. Silaha yake ni kubaki: anakaa palepale, anakubali kunyang'anywa, na anaulazimisha ulimwengu utazame. Mfugaji wa Tana silaha yake ni kuondoka. Mkulima ana daftari. Jina lake, eneo la shamba na kiwango cha kodi vimeandikwa, kwa hiyo anaweza kulipinga daftari kwa daftari na kuomba hesabu irudiwe. Mfugaji hana daftari la kupinga. Ndiyo maana mgomo wa Bardoli ulimalizika kwa uchunguzi wa takwimu, ilhali mgogoro wa Serenli ulimalizika kwa risasi na mifugo iliyotwaliwa. Anayeandikwa anaweza kudai asahihishwe. Asiyeandikwa hufukuzwa tu.

Katika Kenya yenyewe, wakulima wa kusini walikuwa na uzoefu ulio karibu na ule wa Bara Hindi. Kodi ilipopandishwa hadi shilingi 16 baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, malalamiko yaliyomhusisha Harry Thuku na wenzake yalichangia kuishusha hadi shilingi 12. Thuku alikamatwa mwaka 1922, na umati uliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe ulipigwa risasi. Hata hivyo, kiwango kilikuwa kimeshuka. Kulikuwa na kiwango cha kushushwa.

SHILINGI 20 AU SHILINGI 30

Baada ya maelezo hayo, inawezekana sasa kulirudia swali la mwaka 1936. Waisaaq wa Kenya walitoka hasa katika Somalia ya Kiingereza na Aden. Wengi walikuja kama askari, wafanyabiashara wa mifugo na wahudumu wa safari. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia baadhi ya waliokuwa askari walipewa makazi Isiolo, ambayo pamoja na Garissa ilikuwa katika NFD. Mwaka 1919 sheria maalumu ilikuwa imewapa baadhi ya Wasomali msamaha wa kutohesabiwa kuwa "wenyeji" katika baadhi ya mambo.

Neno "mwenyeji" hapa halina ile heshima ambayo Mswahili humpa mwenyeji anayempokea mgeni. Katika sheria ya mkoloni, mwenyeji alikuwa mtu wa ngazi ya chini kabisa: mwenye kubeba kipande shingoni, mwenye kuzuiwa asiende atakako, mwenye kuhukumiwa na mahakama za daraja la chini. Ngazi ya kodi ilikuwa ndiyo ngazi ya utu. Aliyelipa kwa Kiasia alitibiwa, alifungwa na kusafirishwa kwa Kiasia. Waisaaq walielewa kwamba zile shilingi 10 zilizopunguzwa hazikuwa zawadi. Zilikuwa hatua moja ya ngazi kuelekea chini.

Kwa hiyo waligoma. Waliandika maombi kwa serikali ya Nairobi na ya London, wakitumia uhusiano wao na ndugu zao waliokaa Aden na Uingereza, na wakasisitiza asili yao ya Kiarabu. Mvutano uliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1940, na serikali haikuwapa walichotaka.

Hapa pia uhakiki unahitajika. Mgomo huu haukuibomoa ngazi yenyewe. Uliomba nafasi bora juu yake. Madai ya Waisaaq yalikuwa na maana kwamba yupo mwingine, Mborana au Mkikuyu au hata Msomali wa Ogaden aliyekuwa nyikani, anayestahili kubaki chini. Bardoli ilidai kipimo cha haki kwa wote waliotozwa. Isiolo ilidai jina bora kwa baadhi. Pamoja na udhaifu huo, kisa cha Isiolo kinathibitisha kwa uwazi kuliko kingine chochote kwamba kodi ilikuwa lugha ya kuwaita watu majina, na kwamba walioitwa walisikia.

GHARAMA YA KUTOHESABIWA

Msomaji anaweza kuuliza: je, mfugaji wa Balambala aliyeponyoka daftari la kodi hakuwa ndiye mshindi? Hakulipa kama alivyolipa mkulima wa Nyeri. Basi si alipona?

Historia inajibu kwa ukali. Mkoloni aliitazama kaskazini kama eneo lisiloingiza kitu, na kwa sababu hiyo hakuona haja ya kulipa kitu. Shule, barabara na hospitali zilifuata mahali ambapo kodi na mazao ya biashara yalitoka. Uhuru ulipokaribia, wengi wa wakazi wa NFD walitaka kujiunga na Somalia. Walipokataliwa, vita vilivyoitwa vya Shifta vilizuka mwaka 1963 na kuendelea hadi 1967. Sheria za hali ya hatari katika eneo hilo hazikuondolewa hadi mwaka 1991. Waraka wa serikali Na. 10 wa mwaka 1965, uliokuwa dira ya uchumi wa Kenya huru, ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoleta faida kubwa zaidi. Kwa hesabu hiyo, nyika ilishindwa kabla haijaingia mtihani.

Na jina lilirudi tena. Mwaka 1989 serikali iliwalazimisha Wakenya wenye asili ya Kisomali kuhojiwa na kupewa kadi ya ziada ili kuthibitisha uraia wao. Watu ambao wazee wao hawakuandikwa kwa haki katika daftari la mkoloni walitakiwa kuonyesha karatasi ambazo hawakupewa kamwe. Kumbe stakabadhi ya kodi, pamoja na ubaya wake wote, ilikuwa pia ushahidi kwamba mtu alikuwapo.

Katiba ya mwaka 2010 ilijaribu kuligeuza jambo hili. Kifungu cha 204 kilianzisha hazina ya usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyotengwa, na Garissa ilikuwa miongoni mwa kaunti 14 zilizotambuliwa mwanzoni kuwa za aina hiyo. Ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, ambao ndio mwaka Balambala ilipomchagua mbunge wake wa kwanza kama eneo bunge, fedha zilianza kufika kwa kanuni inayozingatia umaskini na ukubwa wa ardhi. Msingi wa kanuni hiyo ni kwamba mtu hahudumiwi kwa kadiri alivyolipa, bali kwa kadiri anavyohitaji. Wazo hilo lina undugu na zaka kuliko na kodi ya kibanda.

HITIMISHO

Makala hii imejaribu kuonyesha kwamba upinzani wa wafugaji wa kaskazini mashariki mwa Kenya dhidi ya kodi ya mkoloni haukuwa uchoyo wala kutoelewa. Walikuja na kipimo chao cha kutoa, wakaikuta kodi isiyo na kipimo; wakaondoka, wakapigana, wakaandika maombi. Mkulima wa Bardoli alipinga hesabu, Msomali wa Isiolo alipinga jina, na mfugaji wa nyika ya Tana alipinga hata kule kuwekwa mahali pamoja. Wote watatu walikuwa wakiuliza swali moja: anayenidai ananijua kuwa nani?

Swali hili halijafungwa. Juni 2024 vijana wa Kenya walipojaa barabarani kuupinga mswada wa fedha hadi ukaondolewa, mengi yalisemwa kuhusu bei ya mkate na mafuta, lakini sauti iliyosikika mara kwa mara ilikuwa ya kudai kusikilizwa na kuheshimiwa na wale wanaopokea fedha hizo.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kuna kazi mahususi hapa. Fasihi yetu imewapa wakulima wa kusini mwa Tanzania nafasi yao ya haki: Vita vya Maji Maji vina utenzi wa Abdul Karim bin Jamaliddini, na vina tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa mwaka 1969. Aliyewahi kuisoma tamthilia hiyo darasani anaifahamu kodi ya Mjerumani hata kama hajafika Kilwa. Wafugaji wa Tana na Juba hawajapata nafasi ya aina hiyo katika Kiswahili. Visa vyao vimo katika mashairi ya Kisomali yanayohifadhiwa kwa kichwa, na katika kumbukumbu za wazee ambao idadi yao inapungua kila jilaal. Hapo Balambala, ambako mtoto husikia Kisomali nyumbani na Kiswahili shuleni, wapo vijana wanaoweza kuzibeba kumbukumbu hizo kutoka lugha moja hadi nyingine. Idara zetu za Kiswahili zinapaswa kuwatafuta, kuwapa kinasa sauti na kalamu, na kuyasoma watakayoyaandika. Waliokataa kuandikwa na mkoloni wana haki ya kuandikwa na wajukuu wao.